Makovu ya Mlundalunda

Kila harusi iliyofanyika Nyahanga, mtaani kwao Kahama, Zuhra Akida alijua kwamba kabla pilau halijapakuliwa atakuwa ameshaoneshwa goti la mtu. Watu walisikia ni daktari, basi, imetosha. Shangazi mmoja angemvuta pembeni, akapandisha baibui, akamwonesha mguu ulivyovimba, na Zuhra angeanza kueleza kwa mara nyingine kwamba yeye si daktari wa hospitali. Kazi yake ni kutafuta dawa ndani ya mimea na kuvu.

"Kuvu ndiyo nini?"

"Uyoga, ukungu, ukoo wao wote huo."

Hapo shangazi angeshusha baibui lake taratibu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake.

Baba yake, Mzee Akida, aliyekuwa akiuza vitambaa mjini Kahama tangu siku ambazo mgodi wa Buzwagi ulikuwa pori tu, alishayapokea mambo yalivyokuja. Alikuwa ameomba mtoto wa kuvaa koti jeupe na kushika sindano. Akapata wa kuvaa koti jeupe na kushika magome ya miti. "Nusu ya dua yangu imejibiwa," alipenda kuwaambia wateja huku akipima kitambaa kwa mkono.

Zuhra mwenyewe hakuona nusu yoyote iliyopungua. Aliingiwa na kazi hii akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, siku mwalimu alipokiweka chini ya hadubini kipande cha mkate kilichoota ukungu na kuwaambia watazame. Wenzake walitazama wakakunja pua. Yeye aliganda pale mpaka waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakaanza kumsukuma. Ukungu ule ulikuwa na matawi na mashina, na vichwa vidogo vya mviringo vilivyojaa mbegu, na wote huo ulikuwa umestawi juu ya mkate wa jana.

Baada ya masomo, na baada ya miaka ya kuzunguka kwenye maabara za watu, alipata kazi katika kituo kidogo cha utafiti wa dawa asili nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Kituo kilikuwa na jengo moja, jenereta moja lenye hasira, mkuu mpole aliyeitwa Dokta Gregory, na fundi wa maabara aliyeitwa Violeth, msichana mwembamba ambaye kicheko chake kilisikika mpaka barabarani.

Siku aliyokutana na dawa ya mti wa mlundalunda, Zuhra alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa. Alikwenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita kutazama uyoga unaoota kwenye matimba, yale magogo yanayopangwa ndani ya mashimo ili kuta zisiporomoke. Uyoga haukuwapo wa maana. Lakini pembeni ya kambi, chini ya turubai la bluu, aliona wanaume wazima wamekaa kwenye benchi kwa mstari, suruali zimekunjwa hadi magotini, na kila mmoja ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya rangi ya chai ya rangi. Walikuwa wametulia kama watoto wanaonyolewa.

Mchimbaji anashinda ndani ya maji na matope, buti halikauki toka Jumatatu hadi Jumamosi, na jiwe likimkwaruza mguu, kidonda kinaweza kumkalia msimu mzima. Wale walikuwa ni wenye vidonda vya namna hiyo. Aliyewasimamia alikuwa mama mnene wa makamo, Zipora, anayejulikana kambini kote kwa jina la Mama Januari. Alikuwa na kata mkononi na simu shingoni.

"Mwangaluka, mama. Shikamoo," Zuhra alisema.

"Marahaba. Mguu wako uko wapi?"

"Miguu yangu mizima, mama. Nilikuwa naomba kuijua hii dawa."

"Wenye miguu mizima wanakaa kule," Mama Januari alisema, akimwonesha jiwe lililokuwa juani.

Zuhra akakaa juani. Alikaa mpaka benchi likaisha watu. Mama Januari alipomaliza kumwaga maji ya beseni la mwisho alimjia, akamuuliza anatoka wapi, ni binti wa nani, ana watoto wangapi. Aliposikia ana mtoto mmoja aitwaye Nuruddin, tangu hapo hakumwita jina jingine ila Mama Nuruddin. Akachukua vipande vya gome jekundu kwenye kiroba, akamjazia kwenye kiganja.

"Mlundalunda huo. Kwetu wengi wanaunywa kwa tumbo, lakini bibi yangu alikuwa akioshea vidonda, na mama yangu vilevile. Nenda ukautazame na vyombo vyako. Ukishaona, urudi uniambie umeona nini. Waliokuja kabla yako walichukua wakapotea kama moshi."

Zuhra aliahidi kurudi.

Maabara waliusaga ule mlundalunda, wakauloweka, wakauchuja. Violeth alitandaza kwenye sahani ya kioo bakteria waliotoka kwenye vidonda sugu, wale ambao dawa nyingi za dukani hawazijali tena, kisha akadondosha katikati tone la maji ya gome. Kesho yake asubuhi Zuhra alikuwa bado anafungua mlango wa ofisi yake aliposikia anaitwa.

"Dokta, duara limetoka."

Na kweli lilikuwa limetoka. Sahani nzima ilikuwa imetanda utando wa bakteria, isipokuwa katikati, kuzunguka lile tone, palipokuwa peupe kama uwanja uliofagiliwa. Hakuna kilichothubutu kuota pale. Violeth alirudia kazi ile tena na tena, na kila mara duara lilitoka. Zuhra alimpigia simu Mama Januari siku hiyohiyo.

"Tumepata duara, mama," alisema.

"Lina dhahabu?" Mama Januari aliuliza, maana kwa watu wa machimbo duara ni shimo la kuchimbia.

Walicheka mpaka salio likaisha.

Baada ya hapo mambo yakaenda haraka. Zuhra alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Mwanza akawaonesha picha za sahani zile, wakampigia makofi. Wafadhili wakakubali kuutazama mlundalunda kwa undani. Kilichotakiwa sasa ni magome mengi, na Zuhra alitaka kufanya jambo hili kitaalamu. Aliomba kibali cha kuingia kwenye msitu wa hifadhi, akaingia na gari la kituo, na humo ndani alichagua miti kama mama anayechagua nyanya sokoni. Aliacha iliyopinda, akaacha iliyoliwa na wadudu na iliyopigwa mapanga na wapita njia. Alichukua gome la miti minyoofu, yenye afya, isiyo na doa. Walirudi Shinyanga na viroba vimejaa.

Duara halikutoka.

Walidhani ni makosa ya siku moja. Wakarudia. Bakteria walistawi hadi juu ya tone lenyewe, wanene na wenye furaha. Wakabadilisha maji, wakaloweka kwa spiriti, wakakausha kivulini badala ya juani. Wakarudi msituni kiangazi, wakarudi tena masika. Violeth alifikia hatua ya kuisemesha mashine ya kusagia kwa upole, akidhani labda ndiyo iliyoudhika. Kile kiganja cha kwanza cha Mama Januari kilikuwa kimekwisha zamani, na bila hicho kazi yote ile iligeuka kuwa hadithi aliyoisimulia Zuhra mbele ya watu.

Dokta Gregory alimwita ofisini, akamkaribisha kiti, akamimina chai. Alikuwa mtu ambaye habari mbaya huzitangulizia sukari.

"Zuhra, pengine ile ya kwanza ilikuwa bahati. Hutokea. Labda kiroba cha yule mama kiliwahi kuwekewa dawa ya hospitali."

"Tulirudia, dokta. Kila mara ilitoka."

"Ndiyo. Kutoka kiroba kilekile."

Zuhra alikunywa chai yake, akaenda nyumbani, akapika wali ukaungua. Nuruddin, aliyekuwa kidato cha pili na mwenye njaa ya kudumu, aliumaliza wote akaosha na sufuria, na hapo Zuhra akajua uso wake umeonesha kila kitu. Kesho yake alipanda basi la Geita, akaunganisha la Chato, akashuka kwenye kijiji alikoishi Mama Januari.

Alimkuta uani akibangua karanga.

"Imekufa, mama," Zuhra alisema baada ya salamu.

Mama Januari aliacha karanga. "Nani kafa?"

"Dawa. Tumechuma sisi wenyewe, haifanyi kazi."

Mama Januari akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega hadi karanga zikamwagika. "Unanishtua mtu mzima kwa ajili ya magome. Mlichuma wapi?"

"Msitu wa hifadhi. Miti mizuri sana."

"Mimi huko sijawahi kuchuma."

"Ndiyo maana nimekuja. Naomba unioneshe miti yako."

Kicheko kilikatika. Mama Januari alizikusanya karanga zake moja moja, na alipozungumza sauti ilikuwa nyingine. Alieleza kwamba jirani yake aliwahi kumwonesha mfanyabiashara mmoja wa mjini miti yake ya dawa. Yule bwana alirudi na vijana wenye mapanga, wakabandua magome kuzunguka mashina yote, kama mtu anayevua soksi. Kufika kiangazi miti yote ilikuwa imekauka, na jirani amebaki kuchoma mkaa.

"Wewe nakupenda, Mama Nuruddin. Lakini miti ile simwoneshi mtu mwenye gari."

"Nimekuja na basi," Zuhra alisema.

Mama Januari alijizuia asitabasamu, ikashindikana. Waliongea jioni ile yote, juu ya ugali wa muhogo na dagaa wa ziwani. Zuhra hakumbembeleza. Alimweleza tu anachohitaji: vipande vichache, avikate Mama Januari mwenyewe kwa mkono wake, na mahali penyewe pasiandikwe popote wala kupigwa picha. Tena kabla kazi haijafika mbali wakae mbele ya serikali ya kijiji, iwekwe wazi kwamba dawa imetoka hapa na faida ikija inarudi hapa. Mama Januari alisikiliza akitafuna taratibu.

"Na mimi nina sharti langu," alisema mwishoni. "Nataka niione hiyo maabara. Nijue dawa yangu inalala wapi."

"Utaiona, mama. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Asubuhi yake waliongozana kupita mashamba ya mihogo, wakafuata njia ya ng'ombe mpaka kwenye mteremko wenye mawe. Zuhra alipoiona miti yenyewe moyo ulimshuka. Ilikuwa michache, mifupi, imepinda, na mashina yake yalikuwa yameharibika kwa makovu. Kovu juu ya kovu, mengine ya zamani yamevimba kingo kama midomo, mengine mapya bado mekundu. Bibi, mama, na sasa Mama Januari, wote walikuwa wamepitisha kisu pale. Hii ndiyo miti ambayo Zuhra angeipita bila kuigeukia.

Mama Januari alipiga goti kwenye mti wa kwanza, akapachika kisu ukingoni mwa kovu kuukuu, akabandua kipande chembamba. Alichukua upande mmoja tu, pande nyingine hakuzigusa.

"Kwa nini hapo kwenye kovu, mama?"

"Panabanduka kirahisi. Gome zima ni gumu, na huu mgongo si wa juzi."

Zuhra aliinama kupokea kile kipande, akakigeuza. Kwa ndani, pale gome jipya lilipokutana na mti wa zamani, palikuwa na mstari mweusi mwembamba, umepindapinda kama uliochorwa kwa kalamu ya wino na mtu mwenye mkono unaotetemeka. Alikitazama kile kipande mpaka Mama Januari akamuuliza kama ameona nyoka.

Alikuwa anaujua mstari ule. Alishauona kwenye magogo yanayooza, mahali ambapo kuvu ameingia ndani ya mti, akajijengea mpaka, akahamia.

"Mama, nikatie na kipande kingine. Upande huu usio na kovu."

"Unapenda kazi ngumu," Mama Januari alisema, lakini akakata.

Zuhra alirudi Shinyanga na bahasha mbili kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Hakumwambia Violeth alichokuwa anakiwaza. Alimpa tu bahasha na kumwomba azipime zote sawasawa. Gome lisilo na kovu halikufanya chochote. Gome la kovu, kutoka mti uleule, lilitoa duara kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona.

"Basi mti unajitengenezea dawa ukijeruhiwa," Violeth alisema. "Kama sisi tunavyotoka usaha."

"Au kuna mgeni aliyeingia kwenye kidonda, na dawa ni yake."

"Mimi nasema mti."

"Mimi nasema mgeni."

Walibishana wiki nzima, na Dokta Gregory, ambaye sasa alikuwa akipita maabara mara nyingi kuliko kazi ilivyomtaka, alikataa kuchukua upande. Njia ya kumaliza ubishi ilikuwa moja. Violeth aliliosha gome la kovu kwa spiriti na dawa ya madoa mpaka hakuna kijidudu kilichobaki juu yake, akalikata vipande vyembamba kama kitunguu cha kachumbari, akavilaza kwenye chakula cha maabara, akafunika. Kisha wakangoja. Siku zilipita hakuna kitu. Halafu, kutoka ndani ya vipande, zikaanza kuchungulia nyuzi nyeupe, laini kuliko pamba, ambazo baadaye ziligeuka kijivu cha majivu. Mgeni alikuwa yupo kweli. Lakini kuwapo kwake hakukuthibitisha kwamba dawa ni yake. Ilibidi wamtenge, wamkuze peke yake kwenye chupa ya uji mwepesi wa mahindi, mahali ambapo hajawahi kuuona mlundalunda wala kuunusa, kisha uji ule ndio upimwe.

Jibu lilitakiwa kutoka Ijumaa. Na Ijumaa hiyo Amira, mtoto wa kaka yake Zuhra, alikuwa anaolewa Nyahanga.

Zuhra alikwenda Kahama akiwa amechorwa hina mpaka viwiko, akaapa mbele ya wifi yake kwamba siku hiyo simu haitaonekana. Aliitia kwenye mtetemo, akaifunga kwenye pindo la khanga kiunoni. Chumba cha wanawake kilijaa udi na marashi. Amira alikuwa amekaa kitandani amefunikwa shela, na mlangoni, nyuma ya pazia, Sheikh Abdulshakur aliuliza kwa sauti ya upole kama bibi harusi ameridhia kuozeshwa. Chumba kizima kikanyamaza. Kwa kawaida ya mji ule binti hajibu upesi. Aliinamisha kichwa, watu wakangoja, na katikati ya ukimya ule kiuno cha Zuhra kikatetemeka.

Alijiambia hataangalia. Akaangalia. Ilikuwa picha kutoka kwa Violeth: sahani ya kioo, bakteria wametanda, na katikati duara pana, jeupe, safi, na pembeni kidole gumba cha Violeth kimesimama wima. Chini yake ameandika maneno mawili: *Mgeni ameshinda.*

Zuhra alipiga kigelegele.

Hakukusudia. Kilimtoka chenyewe, kirefu, cha kutoka tumboni, na wanawake wote mle chumbani wakadhani Amira ameitikia, wakapokea. Vigelegele vikapasua bati. Nje, Sheikh Abdulshakur alisema alhamdulillahi na kugeuka kwenda kufungisha ndoa, wanaume wakaanza kupeana mikono. Ndipo Amira alipofunua shela lake.

"Lakini mimi sijajibu," alisema.

Ilibidi sheikh arudishwe. Aliuliza tena, na safari hii Amira alijibu upesi na kwa sauti kubwa, kabla mtu mwingine hajamjibia. Wifi alimtazama Zuhra kwa jicho ambalo lingechemsha maji. Jioni, wakati wa pilau, Mzee Akida alijisogeza karibu na binti yake.

"Kilikupata nini?"

"Kuvu, baba. Tumempata."

Mzee alitafuna nyama yake, akafikiri. "Anafaa?"

"Anafaa sana."

"Basi kigelegele kilikuwa mahali pake," alisema, akaongeza pilipili.

Mama Januari aliletwa Shinyanga baada ya wiki mbili, na Zuhra alikwenda kumchukua mwenyewe kama alivyosema. Mama alivaa vitenge vipya na kilemba. Alisalimiana na kila mtu, mlinzi na dereva, akampa Dokta Gregory jogoo. Akavalishwa koti jeupe lisilofunga vifungo, akatembezwa. Walipofika kwenye chupa, Zuhra alimweleza kila kitu polepole: kwamba mlundalunda mtupu hauna nguvu ile, kwamba nguvu inatoka kwa huyu anayeishi kwenye makovu. Mama Januari aliutazama ule utando wa kijivu unaoelea juu ya uji.

"Hiki ni nini?"

"Ni kuvu, mama. Ni jamii ya..." Zuhra alitafuta neno jepesi, na neno alilolipata ndilo lililoharibu. "Ni kama fangasi."

"Fangasi," Mama Januari alisema. "Hii inayokula vidole vya wachimbaji. Wanakuja kwangu niwaondolee fangasi, na mimi nimekuwa nawaosha kwa fangasi."

Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mezani. Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje, karibu na jenereta, akiwa amewapa mgongo. Violeth alitaka kumfuata na maelezo, Zuhra alimzuia. Alichemsha chai, akaitia maziwa mengi, akaenda kukaa naye. Jenereta lilinguruma. Mama Januari alikunywa chai hadi nusu ya kikombe.

"Bibi yangu alikuwa mtu msafi," alisema. "Alikuwa anafagia hadi njia ya watu."

"Najua, mama."

"Anakula nini yule?"

"Unga wa mahindi. Kidogo tu."

"Na anaishi bila mti?"

"Anaishi. Ila mtini hakuingia hivihivi. Aliingia kwenye vidonda vya kisu chenu. Ile miti mizuri niliyoikata mimi hakuna aliyewahi kuijeruhi, ndiyo maana ndani yake hamkuwa na mgeni."

Mama Januari alizungusha kikombe. Uso wake ulianza kubadilika taratibu, kama mtu anayehesabu ukoo na kugundua kwamba jirani ni shemeji.

"Kwa hiyo tulikuwa tunafuga," alisema. "Watu watatu, bibi, mama na mimi, tunafuga na hatujui tunafuga nini."

"Mlikuwa mnafuga, mama."

Alisimama, akajikung'uta kitenge, akarudi ndani na kudai koti lake. Safari hii alikaa kwenye hadubini mpaka Violeth akamletea kiti chenye mto. Alisema zile nyuzi zinafanana na mizizi ya viazi vitamu. Alisema pia, bila kuinua jicho, kwamba anataka kuondoka na chupa moja.

Hapo walibishana, na ubishi huu haukuwa wa kuchekesha. Zuhra alimweleza kwamba kwenye gome huyu kuvu ni kidogo, kwenye chupa ni mwingi, na hakuna anayejua bado kama wingi ule unaweza kudhuru ngozi au ini la mtu. Ni lazima apimwe hatua kwa hatua, na itachukua miaka. Mama Januari alisema ameosha miguu ya watu maisha yake yote na hakuna aliyekufa. Zuhra alisema anamwamini, na chupa haitoki. Mwishowe walikubaliana kwamba Mama Januari ataendelea na magome yake kama kawaida, na chupa itangoja. Aliondoka amenuna kidogo, lakini alipofika nyumbani alipiga simu kuuliza mifugo yake inaendeleaje.

Mambo yaliyofuata hayakuwa ya haraka. Wanakemia wa Dar es Salaam walifanya kazi ya kuitenganisha ile chembe yenye nguvu na uji uliobaki, na walipoipata waliipa jina refu ambalo hata Dokta Gregory alilisoma kwa kupumzika katikati. Makubaliano yalisomwa mbele ya mkutano wa kijiji, watu wakauliza maswali hadi jua likawa kali. Taarifa ya kisayansi ilipochapishwa, jina la Zipora lilikuwa pamoja na la Zuhra na la Violeth, na Januari, mtoto wa Zipora aliyeko machimboni, aliibandika kwenye ukuta wa kibanda cha kuuzia vocha. Dawa haijafika dukani, na pengine haitafika karibuni. Sasa inapimwa kwa wanyama, na inakwenda vizuri.

Masika yaliyofuata, waganga wa tiba asili wa Chato walikutana kujifunza namna ya kuchuma magome bila kuua miti. Zuhra alizungumza kidogo, Mama Januari alizungumza sana. Alisimama na kisu chake mbele ya gogo, akaonesha: upande mmoja, ukanda mwembamba, usizungushe. Aliyebisha alipewa kisu ajaribu mwenyewe mbele ya wenzake.

Walipomaliza, mvua iliwanyeshea wakiwa njiani kwenda stendi. Wakakimbilia kwenye mgahawa wa mabati karibu na ziwa, wakaagiza sato wa kukaanga na ugali. Paa lilikuwa linapigwa na mvua kiasi kwamba ilibidi wainamiane ili kusikilizana. Mama Januari alikuwa amefika nusu ya samaki wake alipoonesha kwa mkono uliojaa mafuta kupitia dirishani, upande wa ufukweni, ambako kuna majani mapana yaliyotambaa juu ya mchanga.

"Yale unayajua?"

"Nayaona kila mara. Sijawahi kuyachukua."

"Wake wa wavuvi wanayafunga kwenye jicho la mtoto likiwa jekundu. Siyo mabichi. Wanayaacha kwanza kwenye chungu yaote ukungu."

Zuhra aliacha kutafuna. Aliweka tonge chini, akafuta mikono, akaanza kusukuma kiti nyuma. Mvua nje ilikuwa inamwagika.

"Kaa, Mama Nuruddin," Mama Januari alisema, akimsogezea pilipili. "Kula kwanza."